Kitalu cha Lameki

Kokushubila alikuwa hawezi kufanya kazi mdomo wake ukiwa umefungwa. Asubuhi akifagia uwanja, alikariri. Akiteremka kisimani na ndoo yake, alikariri. Hata akimenya ndizi za mchana, midomo ilikuwa ikienda sawasawa na kisu. Mwaka ule alikuwa darasa la saba, na alichokuwa akikikariri ni maneno ya Kiingereza.

"Koku, mjukuu wangu," Bibi Immakulata alimwambia siku moja, "hao Waingereza wameshaondoka. Unawaita wa nini tena?"

"Siwaiti, Bibi. Nimebaki na maneno yao tu."

Bibi alicheka mpaka akashika kiuno. Walikuwa wakiishi wawili katika kijiji cha Nyakashozi, karibu na Muleba, ndani ya kibanja cha migomba na mibuni. Baba yake Koku alikuwa mfanyakazi katika kituo cha utafiti wa kahawa na ndizi kule Maruku, na mama alikuwa naye huko. Mwisho wa mwezi baba alikuja na sukari, sabuni na habari za mjini. Koku alizipenda zaidi habari. Alitaka sana kuiona Bukoba kwa macho yake, na zaidi ya yote alitaka kuiona meli kubwa ikiingia bandarini. Burhani, mwana wa fundi cherehani, ambaye alikaa naye dawati moja, hakuwa ameiona vilevile, lakini aliielezea kana kwamba yeye ndiye nahodha.

Basi fikiria mwenyewe jinsi darasa lilivyolipuka Jumatatu ile, Mwalimu Rugemalira aliposimama mbele na kusema, "Jumamosi kutakuwa na mashindano ya Kiingereza Bukoba mjini. Kila shule itapeleka mwanafunzi mmoja. Atapanda lori la ushirika linalopeleka kahawa, na mimi nitafuatana naye."

Mmoja! Madawati yaligongwa, watu wakapiga miluzi, na mwalimu ikabidi agonge ubao kwa rula ndipo wakanyamaza.

"Sitachagua mwenye kelele nyingi," alisema. "Sikilizeni."

Aliandika ubaoni maneno manne: nomad, migrant, tramp, vagabond. Halafu akapangusa chaki mikononi.

"Yote haya ni majina ya watu wanaotangatanga, lakini hayalingani. Nomad huhama na mifugo yake na nyumba yake, kufuata majani na maji, na njia zake anazijua. Migrant ameacha kwao kufuata kazi. Tramp anakwenda kwa miguu kutoka mahali hadi mahali, anaomba chakula, na kazi haimpendezi. Vagabond naye hana kwao, haaminiki, na popote anapopita watu hufunga milango. Hilo la mwisho muwe nalo waangalifu, kwa sababu limebeba lawama ndani yake. Ukimwita mtu hivyo, umeshamhukumu."

"Sasa kazi yetu ni ipi, Mwalimu?" Burhani aliuliza.

"Msiniletee maana za kwenye kamusi. Nileteeni mtu. Kila mmoja achague neno moja, atafute mtu aliyemwona mwenyewe, aeleze kwa nini neno hilo linamfaa na mengine hayamfai. Alhamisi nitasikiliza. Na kabla hujasimama hapa, uwe umezungumza na mtu huyo."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Koku alikimbia. Burhani alikwishamwambia kwamba atachukua nomad, maana likizo iliyopita alikuwa kwa mjomba wake Karagwe na alikaa na wafugaji wa ng'ombe siku nyingi. Neno zuri hilo, Koku aliwaza, lakini limepoa. Yeye alitaka lenye moto. Alitaka vagabond, na alikwishajua atamvalisha nani.

Tangu mvua zianze, palikuwa na mgeni Nyakashozi, mwanamume mrefu, mkimya, jina lake Lameki. Hakuna aliyejua sawasawa alikotoka. Alizunguka kibanja hadi kibanja, leo analima kwa huyu, kesho anakata nyasi za kutandaza migombani kwa yule. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na Kihaya hakukijua kabisa. Usiku alilala katika kibanda kilichoachwa, huko nje ya migomba ambako nyasi za rweya, ile mbuga wazi isiyolimwa, zinaanza.

Lakini kutangatanga peke yake hakukumtosha Koku. Kulikuwa na jambo jingine, tena zito. Wiki chache nyuma, Lameki alikuja kuuliza kazi kwa Bibi. Bibi alimkaribisha ndani, akamkalisha juu ya nyasi mpya zilizotandazwa, akamletea akamwani katika kikapu kidogo, kama anavyofanyiwa mgeni yeyote katika nchi ya Wahaya. Ni zile punje za kahawa zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa. Mgeni huchukua, hutafuna, na mazungumzo huanza. Lameki alizipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akazitazama kwa makini. Kisha akazitia mfukoni.

Mfukoni! Koku alimtazama Bibi, na Bibi akamtazama Koku. Mtoto mdogo wa miaka mitatu anajua kwamba akamwani hutafunwa palepale. Anayeificha anamwogopa mwenye nyumba, au ana chuki naye, au anakwenda kuifanyia mambo yasiyosemwa mchana. Koku alikuja kusikia kwamba hata kwa Mzee Kagaruki, mwenyekiti wa kijiji, mtu yule alifanya vilevile. Bibi alisema tu, "Kila nchi na mambo yake," akampa jembe. Koku hakuridhika hata kidogo.

Jumanne jioni alikwenda mpaka karibu na kibanda cha Lameki ili azungumze naye kama mwalimu alivyoagiza. Alimwona kwa mbali amechuchumaa nyuma ya kibanda, anamimina maji chini kutoka kwenye kibuyu na kunong'ona peke yake. Koku hakusubiri kuona zaidi. Aliondoka mbio, kanga ya Bibi aliyojitanda ikibaki imenasa kwenye kichaka, akarudi kuichukua, akakimbia tena.

Alhamisi ilifika. Burhani alieleza habari za wafugaji wake vizuri mno, jinsi wanavyokamua na jinsi wanavyojua kila kisima. Darasa lilipiga makofi, na Koku akaona Bukoba inamponyoka. Alipoitwa alisimama wima na kuanza. Alieleza juu ya Lameki anayezunguka. Alieleza juu ya akamwani mfukoni, na darasa zima likaguna. Alieleza juu ya maji yaliyomwagwa chini na manong'ono, wasichana wa mbele wakashikana mikono. Kuona hivyo, ulimi wa Koku ukapata mbio zake wenyewe.

"Tena," alisema, "kila nyumba anayofanya kazi, kuku hupotea. Ndiyo maana yeye si migrant, wala si tramp. Ni vagabond."

Yale ya kuku aliyatunga palepale. Hayakuwapo alipotoka nyumbani.

Makofi yalitikisa mabati. Mwalimu Rugemalira alikuna kidevu. "Kiingereza chako kizuri, tena kizuri sana. Umezungumza na mtu mwenyewe?"

Koku aliiona meli, nyeupe, inaingia bandarini.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi Jumamosi tutakwenda pamoja."

Siku ile Koku hakutembea, aliruka. Bibi alimtolea gauni lake la kanisani, wakalifua na kulianika. Mariamu, dada yake Burhani, akaja kumsuka nywele, na majirani wakamtuma awaletee habari za mji. Lakini maneno ya darasani hayakubaki darasani. Wanafunzi arobaini walikwenda nayo nyumba arobaini. Ijumaa asubuhi kijiji kizima kilikuwa kinahesabu kuku. Mwanamke mmoja ambaye jogoo wake alichukuliwa na nguchiro mwaka uliopita, naye akiwa ameona kwa macho yake, sasa aliapa kwamba ni Lameki. Mwingine alikumbuka bata ambaye hakuwahi kuwa naye.

Wakati ule ulikuwa wa kujenga vijiji vya ujamaa, na mkutano hadi mkutano watu waliambiwa kwamba hakuna nafasi ya mzururaji. Kwa hiyo jioni mgambo wawili walikwenda kumchukua Lameki. Jumamosi kulipokucha, habari ilikuwa imeenea: mzururaji aliyefichuliwa na mtoto wa shule atapakiwa kwenye lori la kahawa, akabidhiwe wakubwa Bukoba, arudishwe atokako.

"Lori lipi?" Koku aliuliza, ingawa alikwishajua. Lilikuwa moja tu.

Bibi Immakulata alikuwa akimfunga vifungo vya mgongoni. Mikono yake ilisimama. "Lilelile, mjukuu wangu. Nenda kwanza kibandani kwake, umletee blanketi lake na kibuyu. Mtu hapelekwi safari ya mbali mikono mitupu. Uwahi, maana lori halitakungoja."

Koku alikwenda na gauni lake safi, miguu mizito. Blanketi lilikuwa limekunjwa vizuri mlangoni. Kibuyu hakukiona, akazunguka nyuma. Hapo ndipo aliposimama.

Nyuma ya kibanda palikuwa na kitalu kidogo. Udongo ulikuwa umechambuliwa mpaka ukawa laini kama unga. Pembeni palizungushiwa fito, na juu palijengwa kichanja cha majani ya migomba kuzuia jua kali, kama vile baba yake Koku alivyomweleza kwamba vitalu vya Maruku hufanywa. Hakuna kilichoota. Koku alichuchumaa, akafukua kwa kidole. Alitoa punje moja ya kahawa, ya rangi ya kahawia, iliyovimba kwa maji. Akainusa. Chini ya harufu ya udongo, yale majani ya Bibi bado yalinukia.

Akamwani! Alifukua hapa, akafukua pale. Zote zilikuwa akamwani, zimepandwa kwa mistari iliyonyooka, na kila jioni mtu mzima alikuwa akizimwagilia maji na kuzibembeleza ziote!

Koku aliangua kicheko peke yake pale rweyani. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha machozi yakaendelea na kicheko kikakoma. Mtu anayekuja kuiba na kuondoka hapandi kahawa. Mbuni hungojwa miaka mitatu ndipo uzae. Lameki alikuwa anataka kukaa. Na yeye, Kokushubila, ndiye aliyempakia kwenye lori kwa kuku ambao hawakuwahi kupotea.

Kutoka mbali alisikia injini inawaka. Alikusanya punje kiganjani, akasahau blanketi, akakimbia. Gauni lilinasa, akalivuta likachanika, hakuangalia nyuma. Alikatiza migombani, akaruka mfereji, akaangukia goti, akainuka. Punje hazikumtoka mkononi.

Mbele ya ofisi ya kijiji watu walikuwa wamejaa. Magunia ya kahawa yalikuwa yamekwishapakiwa, na juu yake Lameki alikaa katikati ya mgambo wawili, macho yake chini. Mwalimu Rugemalira, aliyevaa koti lake la sherehe, alikuwa karibu na mlango wa dereva akitazama saa.

"Huyo anakuja!" Burhani alipaza sauti. "Koku, panda upesi!"

"Msiondoke!" Koku alihema. "Mzee Kagaruki, shikamoo. Waitu, wazee wangu, naomba nisikilizwe. Msiondoke naye!"

Mwenyekiti, mzee mfupi mwenye sauti kubwa, alimfanyia dereva ishara, na injini ikazimwa. "Marahaba. Sema, binti. Wewe si ndiye uliyetufumbua macho?"

Watu wote walimgeukia. Koku alitaka ardhi ipasuke immeze. Alimtazama mwalimu wake, akajua kwamba sentensi ifuatayo ndiyo inayoondoka na Bukoba, na meli, na makofi yote. Aliisema.

"Nilidanganya. Kuku hawakupotea. Niliyatunga darasani ili nichaguliwe. Na mwalimu aliponiuliza kama nimezungumza naye, nilisema ndiyo, lakini sikuzungumza naye hata neno moja. Nilimwogopa."

Minong'ono ilipanda. Yule mwenye jogoo alianza kurekebisha kanga yake na kutazama pembeni.

"Na akamwani je?" mtu mmoja aliuliza kutoka nyuma. "Hata hiyo ulitunga?"

Koku alifungua kiganja. "Hizi hapa. Nimezikuta nyuma ya kibanda chake. Amezipanda."

"Amezifanya nini?"

"Amezipanda, Mzee! Ametengeneza kitalu, amekijengea kivuli, anakimwagilia maji kila jioni!"

Mzee Kagaruki alichukua punje moja, akaigeuza, akainusa. Kisha akamwambia Lameki ashuke. Lameki alishuka polepole.

"Ndugu," mwenyekiti alisema, safari hii kwa sauti ya chini, "nilikupa akamwani nyumbani kwangu. Kwa nini hukutafuna?"

Lameki alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Kutafuna?" Alitafuta maneno ya Kiswahili moja moja. "Mimi natoka Ngara. Kijiji kwetu hakuna kahawa. Kwetu, mwenye shamba akikupa punje mkononi, amekupa mbegu. Nikasema, watu hawa ni wema sana. Kila nyumba ninayoingia, wananipa mbegu. Maana yake wanataka nikae."

Koku alimwona Bibi Immakulata, aliyekuwa amefika nyuma ya watu, akifunika mdomo kwa mkono.

"Lakini mbegu zenu," Lameki aliendelea kwa masikitiko, "ni ngumu. Namwagilia, namwagilia. Haziamki."

"Zimechemshwa, waitu!" Bibi alipiga ukelele. "Nilizichemsha mimi mwenyewe kutwa nzima!"

Kicheko kilichozuka pale kilisikika mpaka barabarani. Dereva aliegemea usukani akicheka. Mgambo walishikana mabega. Lameki alibaki ameduwaa, mpaka Burhani alipomwonyesha kwa ishara chungu na moto na maji yanayotokota. Ndipo naye akashika kichwa kwa mikono miwili na kucheka kuliko wote. Koku peke yake ndiye aliyekuwa analia na kucheka kwa pamoja.

Mzee Kagaruki alipangusa macho. "Sasa ndugu zangu, tumeambiwa tumwondoe asiyefanya kazi. Huyu amefanya kazi mpaka kwa kahawa iliyokufa. Nani ana neno juu yake?" Hakuna aliyekuwa na neno. "Basi atakaa. Pale rweyani kwenye kibanda, kijiji kitampimia shamba, naye atalima nasi la ujamaa kama sisi sote. Nami, mwenyekiti wenu, nilikuwa wa kwanza kumwamini mtoto bila kuuliza, kwa hiyo nawe wa kwanza kumwomba radhi ni mimi."

Koku alisogea, akapiga goti mbele ya Lameki. "Baba, nisamehe. Nilikuita jina baya mbele ya watu wengi."

"Inuka," Lameki alisema. "Goti linatoka damu."

Mwalimu Rugemalira aliuacha mlango wa dereva. Alikuja taratibu, na Koku akainamisha kichwa.

"Burhani," mwalimu aliita, "una viatu?"

"Sina, Mwalimu!"

"Panda hivyo hivyo." Halafu akamgeukia Koku. "Wewe unajua kwa nini hutakwenda."

"Najua, Mwalimu."

Burhani alipanda juu ya magunia huku akipiga kelele za furaha, kisha akamwona rafiki yake, akanyamaza. "Nitaitazama meli kwa ajili yako pia," alisema. Lori liliondoka. Koku alilitazama mpaka lilipopotea kwenye kona, na iliuma, iliuma kweli.

Lakini aliyefikiri kwamba Koku atakaa chini kusononeka hamjui. Baba alipokuja mwisho wa mwezi, hata sukari hakuipokea, alianza na, "Baba, Maruku mnaweza kutupatia miche?" Safari iliyofuata baba alifika na boksi lililofunikwa majani mabichi, na ndani mlikuwa na miche ya mibuni yenye afya, majani yanang'aa. Jumamosi hiyo kibanda cha Lameki kilijaa watu. Koku alibeba maji mpaka mabega yakauma, Burhani akachimba mashimo, huku akisimulia kwa mara nyingine jinsi meli ilivyopiga honi akaangusha kitumbua chake ziwani. Katika mashindano alikuwa wa tatu. Hakuna aliyejali.

Mwalimu Rugemalira naye alikuja, suruali ameikunja magotini. Walipomaliza, walikaa kivulini. Lameki aliingia ndani, akatoka na kikapu kidogo. Alikuwa amejifunza. Alimpa kila mgeni akamwani, akaanza na Bibi Immakulata, na alipofika kwa Koku alisema, "Hizi ni za kutafuna. Usizitie mfukoni."

Walicheka, na mwalimu akasubiri kicheko kipite. "Koku," alisema, "darasani nilisema maneno yale hayalingani. Sikuwaambia kwamba ni rahisi kuyajua maneno yote na usimjue mtu hata mmoja. Ukimpa mtu jina kabla hujamsikiliza, huo si ujuzi wa lugha, ni uongo, hata usipotaja kuku. Nawe uliweza kulirudisha jina lile mbele ya kijiji kizima, jambo ambalo watu wazima wengi hulikimbia. Mwaka huu hilo ndilo nililofurahia kuliko mashindano. Sasa nijibu: katika yale maneno manne, Lameki ni lipi?"

Koku alifungua mdomo. Majibu yalikuwa tayari kwenye ulimi, kama kawaida yake. Kisha akaufunga, akamgeukia mwenye nyumba.

"Baba Lameki," aliuliza, "wewe mwenyewe unasemaje?"

Lameki alifikiri, huku akitafuna.

"Andika," alisema, "mkulima wa kahawa ya kuchemsha."